Mgawanyo wa Silabi na Kukata Neno: Ushahidi wa Bofa na Pwani ya Kilifi

Mchapaji anapofikia ukingo wa ukurasa na neno halijaisha, hana budi kulikata kwa kistari. Mahali pa kulikatia ni suala lenye historia. Katika Kiingereza wako waliofuata asili ya neno na wako waliofuata matamshi. Mwaka 1783 Noah Webster wa Marekani, katika kitabu chake cha tahajia, alipinga desturi ya kukata ha-bit na clu-ster. Akataka hab-it na clus-ter, kwa hoja kwamba mgawanyo sharti ufuate sikio.

Sikio la Mwingereza, hata hivyo, halifai kumwongoza mwandishi wa Kiswahili. Aliyezoea kutenganisha konsonanti mbili zinazofuatana ataandika Malin-di, ilhali silabi ya Kiswahili kwa kawaida huishia kwa irabu: Ma-li-ndi. Waandishi wa kale waliotumia herufi za Kiarabu mara nyingi waliandika d pekee mahali pa nd, na b pekee mahali pa mb. Desturi hiyo yaafikiana na kuhesabu sauti hizo kuwa konsonanti moja.

Ugumu umo katika m. Katika "mtu mbaya" kivumishi kina silabi tatu, m-ba-ya. Katika "nyumba mbaya" kina mbili tu, mba-ya. Tahajia ni moja, mgawanyo ni mbalimbali. Sababu yake yaonekana Bofa, karibu na mji wa Kilifi, ambako Kiswahili na Kigiriama huishi pamoja. Mgiriama husema mutu, mu-tu, pale Mswahili asemapo mtu. Kiswahili kimeipoteza irabu u, lakini hakikuipoteza silabi yake. M imebaki peke yake ikishika nafasi ya mu. Nazali ya mbuzi haikutokana na mu, wala haina silabi yake: mbu-zi. Nazali ya m-bwa na n-chi nayo haina asili hiyo. Husimama peke yake kwa kuwa shina lina silabi moja, na mkazo huiangukia.

Washairi wa pwani waliyajua haya kabla ya mitambo ya uchapaji. Mizani, ambayo Amri Abedi aliieleza katika kitabu chake cha sheria za mashairi cha mwaka 1954, huhesabu silabi, si herufi: mtu ni mizani mbili, na mbuzi ni mbili vilevile.

Kwa hiyo kistari si jambo la mchapaji peke yake. Mwanafunzi afundishwaye kukata Malin-di hufundishwa kusoma lugha yake kwa sikio la kuazima, na mizani ya shairi humpotea. Kanuni ifaayo haina haja ya kutoka ng'ambo. Imo katika utenzi, na imo katika mu-tu ya jirani Mgiriama.