Tasnifu za Kaputiei

Nilifundisha shule ya msingi huku Isinya, na likizo zilipofika nikawa mkalimani wa wanafunzi wa uzamili na uzamivu. Walishuka matatu Kitengela na madodoso yao, nami nikayatia maswali katika Kimaasai mbele ya wazee. Wengi hatukuwaona tena. Maswali yao ndiyo niliyobaki nayo, na kwayo naweza kukusimulia jinsi elimu ya uhifadhi ilivyokua katika nyika hizi za Kaputiei.

Swali la kwanza lilinitangulia mimi: wanyama ni wangapi? Mbuga ya Taifa ya Nairobi ilifunguliwa 1946, nayo haikuzungushiwa ua upande wa kusini, unaotazama nyika zetu. Bristol Foster, aliyefundisha chuo kikuu Nairobi, na mwenzake Malcolm Coe walichapisha mwaka 1968 makadirio ya uzito wa wanyama wote wa mbugani, kutokana na hesabu za 1960 hadi 1966. Mfugaji hakuhesabiwa.

Ila nyumbu hana habari na mpaka wa mbuga. Masika huvuka mto Mbagathi kufuata majani mafupi ya Kaputiei, ambako simba hana pa kujificha. Kiangazi hurudi mbugani kwenye maji. Helen Gichohi, Mkenya, aliifanya nyika yetu yote kuwa somo la tasnifu ya uzamivu, Chuo Kikuu cha Leicester, 1996. Aliiandika kama mfumo wa ikolojia uliokatwa kipande. Nampa heshima ya pekee, maana hakutuacha pembeni sisi wa ng'ambo ya mto.

Wakati huo kisu kilikuwa kimeshapita. Sheria ya 1968 ilituweka katika ranchi za vikundi; ranchi ya Kitengela ikagawanywa 1988, kila mtu na hati yake. Viwanda vya mauzo ya nje vikaja Athi River, wapangaji wakafuata, ploti zikauzwa, seng'enge zikasimama. Maswali nayo yakageuka: umeuza ekari ngapi? Pesa ulizifanyia nini? Mzee mmoja alimtazama kijana wa chuo, akaniambia, "Mwalimu, muulize kwanza baba yake aliuza ngapi."

Mwaka 2000 ukaanza mpango wa kuwalipa wenye ardhi shilingi 300 kwa ekari kwa mwaka wasiweke ua wala kuuza. Pesa ziligawanywa mara tatu, shule zinapofunguliwa. Siku ya malipo niliijua kwa foleni ya wazazi mlangoni pa mwalimu mkuu. Ukiniuliza mimi, huo ndio uhifadhi uliofahamika upesi kuliko wote.

Kisha mwaka 2004 vijana wetu wenyewe walipewa vifaa vya GPS na watafiti wa ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, wakatembea wakichora kila ua, nyumba na timbo la mawe. Ramani zile zilifika baraza la serikali ya mitaa la Olkejuado na kusaidia kutunga mpango wa matumizi ya ardhi ya Kitengela, Isinya na Kipeto. David Nkedianye, mwana wa Kaputiei, alikuwa kiungo kati ya watafiti hao na maboma. Akasoma uzamivu Edinburgh, na 2013 akachaguliwa gavana wa kwanza wa Kajiado. Wazee hawakuhitaji mkalimani kuzungumza naye. Nilikosa kazi, na sikusikitika.

Hata hivyo shahada zilipanda huku nyumbu wakishuka. Mtafiti Joseph Ogutu na wenzake walionyesha kwamba nyumbu wa nyika hii, waliokaribia 30,000 mwishoni mwa miaka ya 1970, hawakufika 5,000 kufikia 2011. Nani alaumiwe? Si tasnifu. Hakuna aliyewahi kuuza ekari kwa sababu alikosa takwimu. Aliuza kwa sababu ya karo, hospitali na ukame.

Juzi alikuja binti wa uzamili, Mmaasai, dodoso lake kwenye simu. Akaniuliza kama ningekubali kung'oa ua wangu.

"Andika hivi, mwanangu," nikamwambia. "Upande wa jirani yangu mfugaji, hata kesho. Upande wa barabara, hapana."

Akauliza aandike ndiyo au hapana, kwa kuwa simu ilikuwa na visanduku viwili tu.

"Basi ongeza cha tatu."