Kuchagua grafu inayoonesha uhusiano wa takwimu: mfano wa Kariakoo

Sensa ya Watu na Makazi ya Mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam, ikilinganishwa na 4,364,541 mwaka 2012. Grafu ya mihimili miwili yatosha kuonesha ongezeko hilo la watu 1,019,187. Haitoshi pale mwananchi anapotaka kujua iwapo idadi ya wakazi wa kata huenda sambamba na jambo jingine, kwa mfano idadi ya leseni za biashara au uzito wa taka zinazozolewa kila siku.

Kwa swali hilo grafu ifaayo ni ya nukta. Mstari wa mlalo hubeba idadi ya wakazi, wa wima hubeba idadi ya leseni, na kila kata huwa nukta moja. Nukta zikipanda kuelekea kulia, mambo hayo mawili huongezeka pamoja. Zikishuka, moja hupungua lingine likiongezeka. Zikitapakaa bila mpangilio, uhusiano ni dhaifu au haupo. Chati duara haifai hapa, kwani hugawa kitu kimoja katika mafungu yake. Grafu ya mstari ni ya mwenendo wa wakati, kama vile mfumuko wa bei unaotangazwa kila mwezi na Ofisi ya Taifa ya Takwimu.

Kariakoo ndiyo inayodai uangalifu zaidi. Sensa huhesabu watu mahali walipolala, safari hiyo usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti. Umati unaojaza Kariakoo mchana hurejea jioni Mbagala, Gongo la Mboto na Kimara, na huko ndiko unakohesabiwa. Kwa hiyo nukta ya Kariakoo hutarajiwa kukaa peke yake: wakazi wachache, leseni nyingi. Mchoraji asiifute akidhani ni kosa la uchapaji, wala asiiache ivute mstari wa wastani wa kata nyingine zote, aiandikie jina. Mpango wa vyoo vya umma, magari ya taka au vifaa vya zimamoto ukifuata wakazi peke yao, soko litapunjwa.

Kipimo bora cha mlalo kwa eneo hili ni watu wa mchana, ambao sehemu yao yaweza kukadiriwa kwa abiria wanaoshuka katika kituo cha mabasi yaendayo haraka cha Gerezani.