Petroli Iliyobeba Oili: Historia Ndani ya Injini Iliyoungua

Wasomaji wangu, nimekuwa kimya wiki tatu. Sijahama nchi wala sijaishiwa maneno. Nilikuwa Kigamboni, mikono imejaa oili, nikijaribu kurekebisha kosa nililolifanya mwenyewe. Leo naomba niwasimulie, maana kosa hilo limenifundisha historia ambayo chuo kikuu hatukuigusa kabisa.

Mjomba wangu alipostaafu alichukua sehemu ya kiinua mgongo chake akanunua pikipiki ya majini ya mtumba. Ndiyo hiyo ambayo sote tunaiita jetiski, ingawa jina hilo ni alama ya biashara ya kampuni moja tu, Kawasaki. Alitaka kuwakodisha vijana wanaojaa ufukweni siku za sikukuu. Chombo chenyewe kinakaribia umri wangu, na haukupita mwezi kikaanza vituko. Kinawaka vizuri, lakini ukivuta mafuta kinakohoa kama mgonjwa wa pumu. Fundi wa kwanza alibadilisha plagi mara tatu, akalipwa mara tatu.

Hapo ndipo mimi msomi nilipotoa ushauri: "Mjomba, hayo ni masizi tu. Ipeleke kwenye maji makubwa uipe resi, itajisafisha." Akanisikiliza. Dakika kumi baadaye injini ikafa mbali na pwani, mkondo ukaanza kumvuta. Wavuvi ndio waliomkokota hadi nchi kavu.

Mzee mmoja kati ya wale wavuvi hakuuliza habari za plagi. Aliuliza, "Mafuta mnachanganyaje?" Mjomba akamjibu: petroli lita 25, oili nusu lita. Mzee akatikisa kichwa. "Mmechanganya vizuri. Basi hayafiki." Sikumwelewa. Nilikwenda nyumbani nikaanza kusoma, na nikakuta kwamba jibu la mzee yule lina mizizi ya zaidi ya miaka mia moja.

Mwaka 1881 Mskoti Dugald Clerk alipata hataza ya injini ya tustroki, lakini ilihitaji silinda ya pili ya kusukumia mchanganyiko wa hewa na mafuta. Miaka kumi baadaye, 1891, Joseph Day wa mji wa Bath, Uingereza, aliiondoa silinda hiyo. Chumba cha krenki kilicho chini ya pistoni ndicho alichokigeuza kuwa pampu. Mwaka 1892 mfanyakazi wake, Frederick Cock, akaiboresha ili pistoni yenyewe iwe inafungua na kufunga matundu ya kuingizia na kutolea. Valvu zikawa hazina kazi tena. Vilivyobaki vikicheza ni vitu vitatu: pistoni, konrodi na krenki.

Injini ikawa nyepesi na rahisi, lakini kulikuwa na gharama. Kwa kuwa mchanganyiko unapita kwenye chumba cha krenki, huwezi kuweka humo bwawa la oili kama kwenye gari. Oili lazima isafiri pamoja na petroli. Petroli ikipungua, na oili imepungua. Day mwenyewe hakufaidi sana: alifilisika, akafariki mwaka 1946 akiwa amesahaulika.

Injini ya namna hiyo ilifikaje juu ya maji ikiwa na kiti cha pikipiki? Mwaka 1954 William Hamilton wa New Zealand alitengeneza boti isiyohitaji panga la nyuma, inayovuta maji na kuyarusha kwa nguvu, ili apite kwenye mito yenye maji machache. Miaka ya 1960, Clayton Jacobson II, mpenzi wa mbio za pikipiki huko Arizona, Marekani, akataka pikipiki ambayo ukianguka unaangukia maji. Kampuni ya Bombardier ya Kanada ilitoa Sea-Doo ya kwanza mwaka 1968, lakini injini yake ilipozwa kwa hewa, biashara haikushika, na haukupita muda ikaachwa. Jacobson akaenda kwa Kawasaki, nao wakaingiza sokoni chombo chao mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kilitumia tustroki ya silinda mbili, yaani wazo lile lile la Day.

Gharama ya pili ilidaiwa baadaye. Tustroki yenye kabureta inaweza kutapika robo ya petroli yake bila kuichoma. Mwaka 1996 serikali ya Marekani ilitunga kanuni za kupunguza moshi wa injini hizi, na mwaka 1999 ziwa Tahoe likazipiga marufuku zile za kabureta. Mwaka 2002 Yamaha na Honda wakatoa za fostroki.

Sasa turudi Kigamboni. Nilianza upya kwa utaratibu. Kwanza cheche: plagi zote mbili zilichoma. Pili rangi ya plagi: ya mbele ilikuwa kahawia, ya nyuma nyeupe kama chokaa. Weupe ni dalili ya joto kali na petroli haba. Tatu kompresheni: silinda ya mbele geji ilisoma 135, ya nyuma 60. Tulipofungua, pistoni ya nyuma ilikuwa imekwaruzwa upande mzima. Ndani ya kabureta yake tukakuta ute wa kijani uliotoka kwenye mipira ya petroli iliyooza.

Kile kikohozi kilikuwa kiu. Silinda ya nyuma ilikuwa inanyimwa petroli, kwa hiyo inanyimwa oili pia, na mimi nikamwambia mjomba aikimbize. Laiti ningepima kwanza, tungeimaliza kazi kwa mipira mipya na kusafisha kabureta. Badala yake tulipeleka silinda ikachongwe, tukanunua pistoni ya saizi ya juu, na Idi ikapita chombo kikiwa juu ya matofali.

Jumamosi iliyopita tukakiwasha. Mjomba hakunigombeza siku zote hizo. Alinikabidhi dumu, akaniambia, "Mjomba, leo unachanganya wewe." Nikapima oili nusu lita, nikaitikisa ndani ya petroli mpaka rangi ikawa moja. Tukaanza polepole karibu na pwani, bila resi, pistoni mpya izoee. Yule mzee alikuwa amekaa kwenye mtumbwi wake anashona nyavu. Alisikiliza mlio dakika nzima, kisha akasema neno moja tu: "Yanafika."