Njia ya Jiwe Jeusi

Shuleni tulifundishwa biashara ya masafa marefu kana kwamba ilianza na misafara ya pembe za ndovu kutoka pwani. Anayetaka kujua kwamba bara nalo lilikuwa na njia zake, tena za kale zaidi, aanzie Eburru, mlima wa volkeno ulio kati ya Naivasha na Elmenteita.

Mito ni shida huko juu, lakini mvuke hutoka ardhini usiku na mchana, na wakazi wameutega kwa mabomba upoe wapate maji. Njiani vipande vyeusi hung'aa vumbini. Hiyo ni obsidiani, kioo kilichojiunda chenyewe lava ilipopoa ghafla. Niliokota kipande nikakiinua juani: pale ukingo ulipokuwa mwembamba, weusi ule ukawa ukijani. Ukikipitishia kidole bila uangalifu, damu itakuja kabla ya maumivu.

Jiwe hilo ndilo lililosafiri. Yapata miaka 3,000 iliyopita wafugaji wa ng'ombe, mbuzi na kondoo, ambao wanaakiolojia huwaita Waelmenteita, walilichimba Eburru, na vipande vyake vimepatikana hadi Gogo Falls, upande wa Ziwa Victoria, karibu kilomita 200 kutoka hapo. Hapakuwa na lori. Jiwe lilipita mkono kwa mkono, au mgongoni mwa mtu.

Elmenteita kwenyewe kuna Pango la Gamble, alilolichimba mwanaakiolojia Louis Leakey katika miaka ya 1920. Usitarajie shimo la giza la kuingia na tochi. Ni mwamba uliobonyea, wa kujikinga jua na mvua. Watu walikaa hapo maelfu ya miaka kabla ya wafugaji kufika, wakichonga obsidiani hiyohiyo. Wakati huo maziwa ya Nakuru na Elmenteita yalikuwa ziwa moja lenye kina kirefu, na pango lilikuwa karibu na ufuo.

Lililonigusa zaidi ni pango la Mto Njoro, upande wa Mau, walikozika wafugaji wale wa Elmenteita. Leakey na mkewe Mary walilichimba mwaka 1938 wakakuta makaburi ya watu wapatao 80, wote wamechomwa moto. Kando yao yalikuwepo mabakuli ya mawe, michi na mawe ya kusagia, pamoja na shanga nyingi za mawe ya rangi. Moto uliowateketeza wafu ndio uliotuhifadhia mali zao: kibuyu, kamba na chombo cha mti chenye nakshi viligeuka makaa badala ya kuoza. Aliyechonga nakshi ile hakuwa mtu wa kuhangaikia tumbo tu.

Hao walizikwa pangoni; lakini kuhusu makao ya watu wa kale, watafiti nao wamewahi kuteleza. Kwenye kilima cha Hyrax Hill, nje kidogo ya Nakuru, Mary Leakey aliona mashimo ya Wasirikwa, watu wa karne za karibu zaidi, akadhani ni nyumba za chini ya ardhi. Baadaye mwanaakiolojia John Sutton alionyesha kwamba yalikuwa mazizi ya ng'ombe, na nyumba zilijengwa ubavuni. Mfugaji yeyote wa Bonde la Ufa angeweza kukisia: mali hulala karibu na mwenyewe.

Juu ya mwamba wa kilima hicho pamechongwa vishimo vya bao, safu kwa safu, vinavyotosha kuchezwa hata leo.

Makumbusho ya Hyrax Hill yako kilomita 4 hivi kutoka mjini, kando ya barabara kuu ya Nairobi. Mabasi ya shule huyapita yakikimbilia flamingo ziwani. Mwalimu, na wewe mzazi, mwambieni dereva asimame.