Umeme Ndani ya Maji ya Chumvi

Ijapokuwa kila mwanafunzi wa kemia katika zama zetu hufundishwa, kama jambo lisilotaka burhani, ya kwamba chumvi ikitiwa majini hugawanyika ikawa ioni, na ya kwamba ioni hizo ndizo zinazouchukua umeme, dhana hiyo ilipozaliwa wanazuoni wengi waliiona ni muhali, na kijana aliyeileta nusura akose kazi ya ualimu kwa ajili yake.

Habari yenyewe yaanza mbali. Katika miaka ya 1770, ambapo hapakuwa bado na chombo cha kupimia mkondo wa umeme, Mwingereza Henry Cavendish alilinganisha maji ya mvua na maji ya chumvi kwa kuupitisha umeme katika mirija iliyojaa maji hayo, kisha katika mwili wake mwenyewe, akaukadiria kwa ukali wa mshituko alioupata mikononi. Alifariki mwaka 1810 bila ya kuyatangaza aliyoyaona; na James Clerk Maxwell alipoyachapisha mwaka 1879, watu walistaajabu kuona jinsi makadirio ya mikono ya mtu yalivyokaribiana na vipimo vya vyombo vipya. Mimi sijui mfano mwingine wa ustahimilivu kama huo katika ilmu hii.

Michael Faraday, ambaye mwaka 1834 ndiye aliyeeneza majina ya ioni na elektroliti, alidhani kuwa umeme ndio unaoichana chumvi vipande viwili. Rai hiyo ilitawala kwa miaka mingi, na kuipima ilikuwa taabu, kwa sababu mkondo unaokwenda upande mmoja tu hukusanya gesi na madini juu ya elektrodi, vipimo vikaharibika. Taabu hiyo aliiondoa Mjerumani Friedrich Kohlrausch: alitumia mkondo unaogeuka upande huu na upande huu kwa haraka, akazipaka elektrodi zake ungaunga mweusi wa platini, na badala ya kutazama mshale akatega sikio kwenye simu, akirekebisha vyombo vyake mpaka mlio ufifie. Kwa njia hiyo alithibitisha ya kwamba, katika maji yenye chumvi haba sana, kila ioni huenda kwa mwendo wake bila ya kujali imeandamana na nani. Na mwaka 1894, yeye na Adolf Heydweiller walisafisha maji hata yakawa karibu hayapitishi umeme kabisa.

Naam, tuje kwa Svante Arrhenius, Mswidi aliyezaliwa mwaka 1859. Alipima umeme katika mimumunyo hafifu mjini Stockholm, akaona kuwa kadiri maji yanavyozidi, ndivyo kila kipimo cha elektroliti kinavyopitisha umeme vizuri zaidi, akahukumu kuwa si chembe zote zinazoshiriki kazi hiyo, bali sehemu yake tu, na ya kwamba sehemu hiyo hukua maji yakiongezwa. Mwaka 1884 alipeleka tasnifu yake katika Chuo Kikuu cha Uppsala, naye akapewa daraja ya nne, ambayo baada ya kuitetea ilipandishwa ikawa ya tatu tu, wala haikumtosha kupata ualimu. Kwa insafu, watahini wake walikuwa na sababu: alikusanya fizikia na kemia pamoja katika wakati ambapo kila ilmu ilikaa nyumba yake. Lakini walikosea.

Arrhenius hakukata tamaa, akawapelekea nakala wakubwa wa nchi nyingine. Mmoja wao, Wilhelm Ostwald wa Riga, alisimulia baadaye ya kwamba siku moja ilimletea mambo matatu, jino lililovimba, binti aliyezaliwa, na tasnifu hiyo, na ya kwamba tasnifu ndiyo iliyomsumbua kuliko yote. Alikuwa amepima mwenyewe nguvu za asidi nyingi, akaona kuwa asidi inayofanya kazi kwa wepesi ndiyo ile ile inayopitisha umeme vyema. Basi mwaka huo huo akasafiri mpaka Uppsala kumtafuta kijana huyo, na safari yake iliwalazimisha wenyeji wamtazame upya.

Mwaka 1887 Arrhenius alitamka waziwazi: chumvi imekwisha kugawanyika majini kabla umeme haujaletwa. Wapinzani waliuliza ni vipi sodiamu, inayolipuka ikigusa maji, na klorini, iliyo gesi ya sumu, ziwe pamoja katika glasi ambayo mtu aweza kuonja. Naye akajibu kuwa ioni yenye chaji si sawa na atomu iliyo bila chaji. Mwanakemia van 't Hoff naye alikuwa ameshaona ya kwamba chumvi hubadilisha sifa za maji, kama kiwango chake cha kuganda, karibu mara mbili kuliko sukari, kana kwamba chembe moja imekuwa mbili. Mwaka 1903 Arrhenius alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia, Mswidi wa kwanza kuipata.

Walakini Peter Debye na Erich Hückel walionyesha mwaka 1923 kuwa chumvi zenye nguvu hugawanyika zote, na kwamba ioni huvutana na kucheleweshana zikizidi kuwa nyingi. Hapo Arrhenius alisahihishwa. Kwa asidi dhaifu, hata hivyo, hesabu yake yafaa hata leo, na mtu akitaka kujua ni sehemu gani ya asidi ya siki iliyogawanyika majini, angali akipima upitishaji wake wa umeme kwa njia ile ile.