Mjengo wa Tippu Tip: Ulijengwa kwa Bosi Mmoja, Leo Unakaliwa na Familia Kibao

Ukiwauliza watu wa Benaco kuhusu nyumba ya kihistoria, wengi watakutajia lile Boma la Mjerumani pale Biharamulo. Sawa, ule ni mjengo wa ukweli. Ila kuna mwingine uko mbali huko Shangani, Mji Mkongwe wa Zanzibar, na hela iliyousimamisha ilitoka huku huku bara.

Mwenyewe alikuwa Hamed bin Muhammed el Murjebi, yule jamaa anayejulikana zaidi kwa jina la Tippu Tip. Alifanya biashara ya pembe za ndovu na watumwa, misafara yake ikipita Tabora na Ujiji mpaka Manyema, Kongo. Na kama unadhani mambo ya misafara hayakufika Kagera, kulikuwa na njia nyingine ya kutoka Tabora kwenda Karagwe iliyokatiza Usui, yaani pande za Biharamulo. Kwa hiyo ukiusifia ule mjengo, kumbuka pia mabega yaliyobeba yale meno ya tembo.

Mzee alifariki Zanzibar mwaka 1905. Nyumba ikabaki.

Sasa tuje kwenye ujenzi wenyewe. Kinachokupokea ni mlango: mbao nzito zimechongwa kwa nakshi, na ngazi za marumaru nyeusi na nyeupe. Hapo bosi alikuwa anakwambia yeye ni nani kabla hujapiga hodi. Majumba ya matajiri wa enzi hizo yalijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene hatari, katikati wanaacha ua wa kuingiza mwanga na hewa. Dari inabebwa na boriti za mikoko. Umeshajiuliza kwa nini vyumba vingi vya Mji Mkongwe ni virefu lakini vyembamba? Ni kwa sababu ya boriti. Mti wa mkoko una urefu wake, ukiisha na chumba kimeisha.

Halafu yakaja Mapinduzi ya Januari 12, 1964. Serikali ilichukua majumba mengi ya matajiri na kuwagawia wananchi, na huu mjengo ukaingia humo. Palipokuwa kwa familia moja pakawa kwa familia kadhaa. Kwa mtu aliyetoka kwenye nyumba ya udongo ng'ambo, kupata chumba Shangani haikuwa jambo dogo, tusijifanye hatuelewi.

Msala ni kwamba nyumba za hivi hazikuchorwa zigawanywe. Vyumba unaweza kugawa, lakini paa ni moja, ngazi ni moja, ua ni mmoja. Bati likitoboka, wa juu analoa leo, wa chini hana habari. Maji yanashuka taratibu ndani ya ukuta, yanakula chokaa, yanaozesha ncha za boriti zilizojificha kwenye mawe. Siku wa chini anaona ufa, kazi imeshakuwa kubwa, na hakuna mwenye hela ya kuimaliza peke yake. Mwingine anaziba kwa saruji fasta, kumbe saruji inafungia unyevu ndani na kuharibu zaidi. Fundi wa chokaa ndiye anayetakiwa hapo, na hapatikani kwa bei ya fundi wa mtaani.

Na hii siyo stori ya kutishana. Beit al-Ajaib, jumba la serikali kabisa, tena likiwa kwenye ukarabati, lilibomoka sehemu Desemba 25, 2020 na watu wawili wakafariki. Mji Mkongwe uko kwenye orodha ya UNESCO tangu mwaka 2000, lakini orodha haizibi paa.

Ukifika Shangani, nyumba iko nyuma ya Africa House. Piga picha mlango, angalia zile ngazi za marumaru. Ila usijipitilize ndani kama vile ni makumbusho. Mle ndani kuna watu wanapika, na nguo zao zimeanikwa.