Kung'arisha plastiki za gari kwa mkono

Kung'arisha plastiki za gari kwa mkono ni kazi ya kuondoa mikwaruzo, ukungu na umanjano kwenye sehemu za plastiki za gari kwa msasa, maji, polishi na kitambaa, bila mashine. Sehemu inayofikishwa kwa fundi mara nyingi zaidi ni kioo cha taa ya mbele, ambacho katika magari ya siku hizi hutengenezwa kwa polikaboneti.

Plastiki hiyo ilipatikana mwaka 1953 katika maabara mbili tofauti: ya Hermann Schnell wa kampuni ya Bayer, Ujerumani, na ya Daniel Fox wa General Electric, Marekani. Njia ya kuitumia kwenye taa ilifunguka Marekani pale serikali ilipoziruhusu taa za kubadilishwa balbu mwaka 1983, na Lincoln Continental Mark VII ya 1984 ikawa gari la kwanza kuuzwa nchini humo na taa hizo baada ya ruhusa hiyo. Polikaboneti ni nyepesi, hufinyangwa kufuata umbo la bodi, na kokoto inayorushwa na lori haiivunji kirahisi. Ubaya wake ni kwamba hukwaruzika upesi, na miale ya urujuanimno ya jua huigeuza kuwa ya manjano. Ndiyo maana kiwandani hupakwa utando mgumu, mwembamba kuliko unywele. Utando huo ukichakaa, taa huanza kufifia. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, lakini hata gari linaloshushwa Mombasa likiwa ndani ya kikomo hicho huwa limekwishapigwa na jua miaka kadhaa kabla ya kukutana na jua la ikweta.

Polishi haizibi mkwaruzo. Kinachofanyika ni kuupunguza uso wa plastiki kuuzunguka mkwaruzo mpaka ulingane na kina chake. Kwa hiyo swali la kwanza ni kina. Ukucha ukipitishwa juu ya mkwaruzo na kunasa, plastiki ya kuondoa ni nyingi, na pengine ni busara zaidi kuupunguza makali tu na kuuacha. Kipimo cha pili ni maji: taa ikimwagiwa maji na kuonekana safi kwa muda, tatizo liko juu na litatoka. Ikibaki na ukungu hata ikiwa imelowa, kasoro iko ndani, na kusugua nje ni kujichosha bure.

Taa huoshwa kwa sabuni, kisha bodi inayoizunguka hubandikwa masking tepu ili msasa usile rangi. Taa iliyochakaa sana huanzwa na msasa wa maji namba 800 au 1000. Yenye ukungu mwepesi huweza kuanzwa na 1500. Mwanzoni maji yanayotiririka huwa ya manjano, maana utando wa zamani ndio unaotoka. Yakigeuka meupe kama maziwa kila mahali, plastiki yenyewe imefikiwa. Hapo taa huonekana mbaya kuliko ilivyoletwa, na mteja asiyeizoea kazi hii hushtuka. Fundi huendelea na namba 2000 na 3000, akibadilisha mwelekeo kila hatua: akisugua kwa mlalo, inayofuata husugua kwa wima, ili mistari ya msasa uliotangulia ionekane wazi na kufutwa yote. Kati ya hatua na hatua kila kitu huoshwa, kwa kuwa chembe moja ya msasa mkali iliyobaki kitambaani huirudisha kazi nyuma. Mwisho hupakwa polishi ya plastiki na kusuguliwa kwa kitambaa laini. Mkono huchosha, lakini ni vigumu kuunguza plastiki kwa mkono. Mashine huweza kufanya hivyo, hasa kwenye akriliki, ambayo hulainika ikikaribia nyuzi 105 za selsiasi.

Akriliki hiyo ndiyo plastiki ya taa nyingi za nyuma; rangi yake imeingia mpaka ndani, hivyo haifutiki kwa msasa. Kava la mita za dashibodi ni jembamba na halihitaji zaidi ya polishi na mkono mwepesi. Bampa jeusi lisilopakwa rangi, ambalo kwa kawaida ni la polipropilini, halipolishiwi kabisa: msasa hulainisha uso wake wenye chembechembe na kuacha doa linalong'aa, baya kuliko mkwaruzo wenyewe.

Dawa ya meno husaidia kidogo kwa sababu ina chembe za kusugua, ila hufaa ukungu mwepesi tu. Thina, petroli na dawa ya mbu yenye DEET ni hatari. Huyeyusha au kushambulia uso wa plastiki, taa ikapendeza siku chache kisha ikajaa nyufa ndogondogo.

Kasoro kubwa ya kazi ya barabarani ni kuishia kwenye polishi. Gari huondoka linang'aa, lakini plastiki iko uchi, na kwa jua la ikweta umanjano hurudi baada ya miezi. Kazi kamili humaliziwa kwa klia yenye kinga ya jua, ikiwezekana ile ya kuchanganywa na hadina, ambayo hupulizwa mahali pa wazi kwa barakoa ya kuzuia mvuke, kwa kuwa mvuke wake huumiza mapafu. Nta ya gari nayo hukinga, ila kwa wiki chache tu, na lazima ipakwe tena na tena.